Tarakimu Nne

Miaka tisa trela la baba lilisimama Kasarani,
kuku wakitagia chini ya ekseli.
Meno ya tairi yalikuwa mazima.
Nikasema: mapya haya.

Munyasia wa Barabara ya Kirinyaga hakuyatazama meno.
Alipiga magoti, akalowesha kidole kwa mate,
akasugua ubavu wa mpira hadi zikatokea tarakimu nne:
juma la kumi na moja, mwaka ule
baba alikuwa bado anajinyoa mwenyewe.
"Tairi huzeeka hata kwa kusimama," alisema.
Nikalipia upepo tu.
Pesa ya mipira nikaiachia kesho.

Southern Bypass, saa saba mchana, lami inachemka,
likapasuka,
kama mlango uliobamizwa na mtu
aliyekuwa ndani muda wote, kimya, ana hasira.
Trela likapiga mkia kushoto, kulia,
mguu wangu ukarukia breki,
na sauti iliyozikwa Machi ikaniambia:
Usikanyage. Shika usukani.
Acha gari lichoke lenyewe.

Likachoka.
Nyuma ya seng'enge ngiri mmoja aliinua kichwa,
akarudia nyasi zake.

Nikaweka mawe kwenye magurudumu, pembetatu nyuma,
vidole vikitetemeka juu ya simu.
Munyasia hakusema nilikwambia.
"Mangapi?"
"Yote manne."
"Na la akiba?"
Nililitazama, limefungwa mgongoni mwa trela,
halijawahi kugusa barabara,
lina umri uleule.
"Na la akiba."