Muhuri wa Jina la Zamani

Profesa Osmonkulov, nimerudi kutoka Kyzyl-Dobo
na dodoso lako la kurasa kumi na nne.
Swali la tisa unalikumbuka:
kwa kipimo cha moja hadi tano,
unaziamini kiasi gani taasisi za umma?
Kalyipa Sadyrova aliweka chini kisu cha viazi, akaniuliza,
"Tano ya nini, binti? Ya maji au ya karatasi?"
Nikaandika tatu.
Nisamehe.

Mfereji wa pale huanzia kwenye theluji ya juu,
hupita vijiji viwili kabla haujafika kwake.
Lango la kugawa maji ni chuma cha enzi ya Wasovieti;
skrubu yake ilikatika mwaka juzi, theluji ilipoanza kuyeyuka.
Tangu hapo walio juu wana maji hata ya kuoshea magari,
na walio chini wana shayiri fupi
kama ndevu za kijana anayezinyoa ili ziote haraka.

Sikwenda kutafuta skrubu.
Nilikwenda kutafuta utawala bora.
Nilibeba vigezo sita na mchoro mmoja,
mshale kutoka kwenye sera hadi kwenye maendeleo,
umenyooka, hauna hata kona ya kupumzikia.

Taalaibek, mgawa maji, ana miaka thelathini na mmoja,
simu yenye kioo kilichopasuka na pikipiki ya kuazima.
Alinitolea daftari la shule, farasi jaladani:
saa za maji, nyumba kwa nyumba, kwa kalamu ya risasi.
Nyuma ya daftari, barua.
Ya kwanza ilirudi: muhuri hausomeki.
Ya pili ikarudi: muhuri unasomeka,
lakini ni wa Idara, na Idara sasa ni Wakala.
Akaomba muhuri mpya.
Ombi la muhuri mpya sharti ligongwe muhuri.
Alipopata njia ya kulizunguka hilo,
Wakala ulikuwa umeunganishwa na Wizara.

Nilicheka. Yeye hakucheka.
Skrubu ni som elfu nne na mia mbili.
Nilipiga hesabu njiani, basi likiteleza kwenye barafu:
ni pungufu ya chai tuliyokunywa kwenye kongamano
siku ile uliyonipongeza kwa ule mshale.

Wizarani nilimkuta bwana mpole, sweta limetoboka kiwiko,
anafanya kazi ya watu watatu, wawili walishapunguzwa.
Hakuwa mwizi. Ningefurahi angekuwa mwizi,
sura yangu ya nne ingejiandika yenyewe.
Alinipa Mkakati wa Maendeleo, kurasa mia mbili na kumi.
Penye nia pana njia; nia hii hapa, nzito, inang'aa,
na jaladani kuna picha ya mfereji uliojaa pomoni.
Nilimuuliza ni mfereji wa wapi.
Akaigeuza, akaitazama kwa mara ya kwanza.

Nimesahau kukwambia juu ya mlango.
Mwezi wa tano, watu wa chini waling'oa mlango wa zahanati ya zamani,
wakaubeba hadi kwenye lango, wakaukandika kwa matope na magunia.
Mtu wa juu, Dootbek, huunyanyua usiku, saa nne kamili,
kwa sababu dada yake ameolewa chini
na humpigia simu akichelewa, akimtukana.
Hiyo niiweke kwenye kigezo gani?
Haina bajeti. Haina muhuri.
Ina simu, na ina aibu ya kaka.
Wala sitaki kuusifu mlango ule:
ulikuwa wa zahanati, Profesa,
na zahanati haipo tena.

Maji hufuata mkondo, ndivyo tulivyofundishwa.
Miye nimeyaona yakisubiri saini.

Swali la tisa nimelibadilisha. Sasa linasema:
mara ya mwisho maji yalifika kwako lini,
na ni nani aliyeyafungulia?
Naomba nauli nirudi kuliuliza.
Na ile tatu ya Kalyipa,
ifute.