Jina la Kupigiwa

Mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga wa keki,
haiwezi mkoba mzima. Naupima vipande vipande:
hema, kilo mbili na robo.
Sufuria bila mfuniko, gramu mia tatu.
Mchele, ndengu, kitunguu kimoja
(nimekibadilisha mara mbili, kila mara kwa kidogo zaidi).
Ghorofa ya nne, Pangani, saa tano usiku,
mifereji wiki ya tatu sasa inatoa pumzi tu,
nami nakata mpini wa mswaki kwa kisu cha mkate
kwa ajili ya msitu unaolowa bila kuombewa.

Siku tatu. Ndizo maabara ilizonipa.
Ijumaa nishuke Gede, nishike njia ya mchanga mwekundu,
nilale ukingoni mwa miti.
Jumamosi nitokee upande wa Mida, penye mikoko,
nivuke tope kabla maji hayajarudi.
Mwezi utaandama Alhamisi, basi ni bamvua:
yatakupwa mpaka ufuo uonyeshe mbavu,
saa nne asubuhi, labda na dakika ishirini.
Nimeyachora mgongoni mwa bahasha ya bili ya stima,
mstari unapanda, mstari unashuka,
kama homa ya mtoto tusiyejua bado anaumwa nini.
Mimi kazi yangu ni darubini.
Nahesabu chembe za damu za watu nisiowaona nyuso.
Maji ya bahari sijawahi kuyahesabu.

Dada yangu Kemunto aliuliza: utaenda peke yako?
Akauliza tena: peke yako?
Mara ya tatu likabaki: peke?
Nikamwambia kuna mnyama huko, sengi,
pua ndefu, miguu myembamba kama njiti za kiberiti,
makalio ya manjano kama aliyekalia rangi mbichi.
Nataka kumwona akipita, basi.
Alicheka, akakata simu, akanitumia mia tano.

Ngumbao wa lango la msitu hakucheka.
Aliuliza viatu. Aliuliza kama nawajua siafu.
Alisema tembo hushuka majini alfajiri,
na wewe usiwatangulie.
Kisha karatasi yake ikafika mstari wa mwisho:
"Usipotoka Jumapili saa nne, nimpigie nani?"

Swali dogo. Nimejaza fomu ngapi za wagonjwa
zenye mstari huohuo, nikiwahimiza, haraka mama, jina tu.

Kemunto angelia kabla ya kusikia.
Ombachi, tulioachana naye kwa adabu,
angeuliza ni msitu gani,
na baada ya kuambiwa angeuliza tena.
Daktari Shamalla angetafuta wa kushika zamu.
Nikamwambia Ngumbao, nipe hadi kesho.
Nikaondoa kitunguu. Nikakirudisha.

Langoni kwetu yuko Ekidor, na redio, na daftari.
Miaka sita ameandika saa niliyoingia:
zamu za usiku, zamu za mchana,
ile Jumanne niliyorudi na kiatu kimoja,
yote imo, kwa wino mwekundu, herufi zimelala upande.
Nilishuka na kandambili nikamweleza.
Hakuuliza peke yako.
Aliuliza: "Hiyo saa mbili u nusu, ni ya treni
au ni ya hapa langoni?"

Sikuwa nimefikiria.
Tukahesabu wote wawili, yeye kwa vidole, mimi kwa simu:
treni kusimama Syokimau, foleni ya kutoka,
Barabara ya Mombasa jinsi ilivyo Jumapili,
"na mvua ikinyesha," akasema,
akatazama juu, kwenye anga kavu lenye taa za ndege,
akaongeza robo saa.

Akafunua kurasa mpaka Jumapili,
ambayo bado ilikuwa nyeupe, akaandika:
4B. Saa tatu u nusu. Asipoingia, piga Ngumbao.

Akaniuliza Ngumbao inaandikwaje.