Maji Yakaanza Kupa

Ulikuja umefungia vitumbua vitatu,
ukurasa wa ishirini na saba,
mafuta yameupitisha mwanga
hata maneno ya mgongoni yakachungulia mbele, kinyumenyume.
Nilikuwa Kiborloni, nimetumwa vifungo vya sare.
Nikala nimesimama. Nikasoma nimesimama.
Vifungo nikavisahau.

Humo ni Mamba, mwaka ule Wajerumani
ndiyo kwanza wanaupima mlima kwa kamba.
Mkunde, binti wa mfua chuma, ana miaka kumi na mitano kama mimi.
Chuma kikiiva chekundu, yeye hukisikia kikitaja majina.
Babake amemkataza kuitikia.
Usiku huo mfereji umekauka, ng'ombe wa ndani wanalia,
watu wamejibanza katika mapango waliyoyachimba chini ya migomba,
naye anatoka, peke yake, jani la sale mkononi,
anapiga magoti ukingoni, anaita,
na maji yakaanza kupa

Hapo karatasi imechanika.

Kupanda? Maji ya mfereji yaukwee mlima,
yarudi Kibo yakalale barafu?
Kupasuka? Kupauka?
Kupaa, yawe moshi,
nasi huku bondeni tukarithi jina?
Au kupatana, maji na chuma, baada ya ugomvi wa karne.
Mwalimu Kirenga wa Kiswahili alijikuna kidevu:
"Huenda ni kupa tu, basi.
Ila kupa hakusimami pekee. Lazima pawe na mpewa."
Siku mbili sikulala kwa ajili ya mpewa.

Muuza vitumbua alisema kakake anafagia kiwandani wanakochapa,
huokota zile zilizoharibika.
Kitabu chenyewe bado. Mwezi wa tisa, labda wa kumi,
umeme ukitulia, gundi ikifika.
Nikaenda duka la vitabu karibu na Mnara wa Saa.
Bi. Aikaeli akatoa daftari la madeni,
akaligeuza, akafungulia nyuma: Wanaosubiri.
Nilikuwa wa tatu.
Niliwaonea wivu wale wawili
kana kwamba wamekwisha kusoma.

Tangu hapo nauza parachichi za uani kwetu, Rau,
mia tatu, zile kubwa mia tano.
Agosti nzima mlima umejifunika gubigubi,
wageni wanapiga picha za mawingu,
mimi nawahurumia na kuwaelewa.

Mama hakupenda. Yeye ni wa kwaya, sauti ya pili.
"Uchawi haufanywi hadithi," alisema,
akautwaa ukurasa wangu
akauweka juu ya kabati, chini ya sahani za wageni.

Usiku wa pili niliamka na kiu.
Jikoni, tochi ya simu.
Mama amekalia ndoo iliyopinduliwa,
midomo inatembea, kidole kinafuata mstari,
kikafika ukingoni, kikasita.
Kikarudi juu.
Kikashuka tena, kikasita palepale.
Nilirudi kitandani na kiu yangu.

Asubuhi akimenya ndizi za mtori, hakunitazama.
"Si kupanda. Mfereji nimeulinda zamu tangu nina miaka saba,
najua maji. Hayapandi."
Kisha, ganda likining'inia kisuni:
"Labda yawe yameitwa vizuri."

Jumamosi nikapeleka elfu mbili nyingine.
Bi. Aikaeli akaligeuza daftari.
Wa tatu mimi.
Wa nne, kwa wino wa buluu uliokandamizwa,
herufi zilezile ndefu zinazoandika chumvi, sabuni, kiberiti:
jina la mama.
Si lile la ndoa.
La usichana, la kwao Mamba.