Sababu za Kifamilia

Thelathini na mmoja waliandikishwa Januari,
ufundi umeme, mwaka wa kwanza,
chuo chetu cha amali cha huku ndani, njia ya Mtambwe,
ambako nguzo zilifika mwaka mzima kabla ya taa.
Oktoba nikaita majina.
Waliitika kumi na wawili,
na mbuzi wa Bi Chumu, mlangoni.

Kikaoni wakasema: vijana wa siku hizi.
Wakasema: karafuu. Msimu ukiita, nani atabaki darasani?
Mkuu akasema, andika hivyo hivyo, tupeleke Wete.
Kalamu ikanigomea.
Nilikuwa na madaftari ya mahudhurio ya miaka mitatu,
yenye madoa ya chai na wino wa rangi mbili.
Nikayalaza mezani usiku, nikaanza kuhesabu.
Karafuu mwaka huu zilikomaa Agosti,
na wao walikuwa wameshaondoka wiki ya tatu ya Mei.
Mwaka jana, ambao mikarafuu haikuzaa kitu: Mei.
Mwaka juzi: Mei.
Mikarafuu, niwieni radhi.

Nikachapa fomu, maswali kumi na manne,
vijisanduku vya kutia vyema,
nikazituma majumbani kwa mikono ya wadogo zao.
Sababu ya kuacha masomo?
Wote, kama walioambizana,
wakatia vyema kwenye "sababu za kifamilia".
Neno pana kama jamvi:
unaweza kuanikia chochote.

Ndipo nikaenda kwa miguu. Piki, Kiungoni, Finya.
Time Shaame alikuwa akimenya muhogo.
Hakusema shida. Alisema shikamoo, karibu, maji haya.
Nimeshaaga, nimeshavaa kiatu kimoja,
ndipo akaniletea bisibisi yake:
ubavu wa mwavuli uliopondwa ncha,
mpini wa gunzi,
mpira wa baiskeli umezungushwa mara tatu.
"Mwalimu Mbarouk aliitupa nje," akasema.
"Alisema nitajiua kwa umeme. Na kweli ningejiua."
Akacheka. Mimi sikuweza.

Wiki ya tatu ya Mei. Vitendo vinaanza,
kila mmoja aje na vyake:
plaisi, testa, bisibisi mbili.
Imeandikwa kwenye barua ya kujiunga, ukurasa wa pili.
Barua niliichapa mimi.

Kwenye fomu yangu hapakuwa na kijisanduku cha haya.

Tukapata kabati. Darasa la useremala walilitengeneza,
mlango unabana mvua ikinyesha.
Seti kumi na tano, wawili wawili kwa seti,
daftari la kuazima, penseli imefungwa kwa uzi.
Mbarouk akasema, vitapotea.
Ikapotea testa moja.
Ikarudi Ijumaa, ndani ya gazeti, bila jina.

Oktoba nyingine, nimeita majina.
Kati ya thelathini, ishirini na wanne.
Time, aliyeanza upya, wa tisa,
ameitika kana kwamba niko ng'ambo ya mto.
Mkuu anataka tuandike: tatizo limekwisha.
Nimeandika ishirini na wanne,
na chini yake majina sita na vijiji vyao,
na mbele ya kila jina nafasi tupu.

Kesho Jumamosi. Viatu viko mlangoni.
Fomu nitazibeba,
lakini nitaandika upande wa nyuma,
ule ambao sikuchapa kitu.