Haisikiki

Kazi yangu ni kuchapa kilichosemwa.
Ghorofa ya pili, Mahakama Kuu, feni moja,
dirisha la kuelekea Kivukoni lisilofunguka
tangu lipakwe rangi.
Nikishindwa kulipata neno, naandika: haisikiki.
Hiyo ndiyo ruhusa pekee niliyopewa ya kuwa mtu.

Leo wameniletea dakika kumi na moja
za Mwadawa Kipingu, mchambua korosho, ghala moja la Kurasini.
Simu aliifunga kwenye pindo la kanga,
pale mama zetu walipofunga noti na ugoro,
na pindo likasikiliza.

Mwanzo ni msuguano wa kitambaa, sekunde arobaini.
Kisha kiti.
Kisha msimamizi, Bwana Ngatunga, sauti ya mtu aliyeshiba:
"Zima simu kwanza."
Na yeye: "Nimeshazima."

Neno hilo nimelichapa mara tatu,
si kwa kukosea.

Yaliyofuata mnayajua hata kama hamjayasikia.
Mkataba unaisha Ijumaa. Kuna nyumba ya wageni Mtoni, pametulia.
Anayejua kushukuru hafukuzwi.
Nyuma yao mtu anakwangua sufuria,
lori linarudi nyuma, pii, pii, pii,
kana kwamba lenyewe ndilo lililoona.

Ngatunga hakushtakiwa. Lililoshtakiwa ni pindo.
Kifungu kinasema atakayenasa mazungumzo
bila ridhaa ya wanaozungumza ametenda kosa,
hata akiwa mmoja wao.

Basi wakili wake, binti mwembamba, Nankondo,
amekiburuta kifungu hicho mbele ya majaji watatu.
Ibara ya kumi na nane, waheshimiwa:
haki ya kutafuta habari, kuipokea, kuitoa.
Masikio ya mteja wangu ni yake.
Iweje kumbukumbu ikiwa kichwani ni halali,
ikihamia kwenye kanga ni jinai?

Wakili wa Serikali hakupandisha sauti.
Alisimama na ibara ya kumi na sita:
nafsi ya mtu, familia yake, nyumba yake.
Akauliza, nani kati yetu
angependa maneno yake ya jana usiku yachezwe hapa?

Ukumbi ukakohoa.

Mimi nilikuwa kwenye mashine, sikutakiwa kuwa na jibu.
Lakini nilimkumbuka Sijali, jirani yangu wa Tandika,
aliyenasa ugomvi wangu na mume wangu kupitia ukuta
akautuma kwenye kundi la kikoba.
Wiki nzima sikutoka hata kununua nyanya.
Wanawake walinyamaza nilipofika,
kwa adabu iliyouma kuliko kicheko.
Asubuhi ile, kama ningeulizwa, ningeipa Serikali ushindi.

Halafu kikanijia kitanda cha dirishani, Hospitali ya Temeke,
mama akinitajia nani anamdai na nani anadaiwa,
akapotea katikati, akaanza kutuhesabu wanawe
kwa majina ya utotoni,
pamoja na yule aliyekufa kabla sijazaliwa.
Simu ilikuwa chini ya mto wake.
Ridhaa sikuomba. Ningeiombaje?
Mama, ngoja kidogo, rudia, nakuhifadhi?
Dakika sita. Kwa kifungu kile
mimi ni mhalifu kila Jumapili usiku,
taa ikiwa imezimwa.

Hukumu itatolewa kwa taarifa, wamesema.
Mwadawa alitoka akijifunga kanga upya,
akilikaza pindo lisilo na kitu.
Ngatunga, nasikia, yuko ghala jingine, ana cheo.

Nami nimerudi kwenye dakika ya kumi na moja.
Mlango umeshafungwa, yule bwana ameshaondoka,
na Mwadawa, akidhani hakuna anayesikia,
hata simu yake mwenyewe ameisahau,
anasema kitu.
Nimerudisha nyuma. Nimesikiliza. Nimerudisha tena.
Nimekisikia vizuri kabisa.

Nimeandika: haisikiki.