Moyo, Konde

Saa tisa za usiku, Buruburu, Julai:
mtaa mzima umejifunika blanketi mbili
na mimi nimesimama mbele ya friji iliyo wazi
kama mtu aliyekuja kudai deni.
Joto limepanda kifuani, shingoni, usoni,
likaniacha nimelowa, natetemeka.
Mutunga amevuta shuka upande wake:
"Ni nini tena?"
Ni damu, nikamwambia. Iliyokoma.
Mwaka na miezi miwili haijabisha hodi.

Nilidhani ikienda itaenda peke yake.

Sista Nasambu, zahanati ya Jericho,
alinifunga ule ukanda mkononi.
Mashine ikanibana, ikahema, ikaniachia:
mia na hamsini na mbili, chini yake tisini na nne.
Hakunitisha. Alisema homoni zilizokuwa zikilainisha mishipa
zimestaafu, na hazikuacha mrithi.
Kisha akakunja konde, akaliinua mbele ya macho yangu:
"Moyo wako, mama, ni kiasi hiki."

Nilicheka, halafu sikucheka.
Miaka hamsini na mmoja nautumia moyo kama neno tu.
Nimekata moyo, nimewatia watu moyo,
na mama yangu alipoanguka jikoni kule Kangundo,
sufuria ya muthokoi bado motoni,
waliniambia, piga moyo konde.
Nikaupiga. Nimekuwa nikiupiga tangu siku hiyo.
Walisema alichoka. Hakuna aliyetaja mishipa.
Hakuna aliyeuliza ni miaka mingapi
tangu aache kuanika vitambaa nyuma ya nyumba.

Basi nimeanza, bila tarumbeta.
Mkono wangu una mazoea yake:
hunyunyiza chumvi kabla ulimi haujaonja.
Kopo nimelificha juu ya kabati, nyuma ya birika la harusi.
Mutunga hulitafuta. Halalamiki; hununa tu, kwa utaratibu.
Ndengu nazitia dania, tangawizi, ndimu,
mpaka asahau aliyokuwa akinunia.
Managu na terere nachukua kwa Syombua pale Mutindwa,
anazifunga kwa gazeti pamoja na uchungu wake.
Sukari kwenye chai: vijiko vitatu, viwili,
leo kimoja na nusu.
Hiyo nusu nitaizika polepole, ina ndugu wengi.

Jioni natembea na Kemunto wa nyumba ya pili,
langoni pa kanisa hadi kwenye mzunguko, na kurudi,
kwa kasi ya mtu anayeweza kuongea lakini hawezi kuimba;
ndiyo sheria ya Sista. Basi tunasengenya.
Juma la kwanza tuliwamaliza watu wote tunaowajua.
Kemunto naye ana moto wake.
Ukimshika husimama chini ya taa ya barabara,
avue sweta, mimi nimshikie.
Watu wanapita. Hatusemi kitu.

Kuna siku sikutembea. Mvua; hesabu za ofisi;
mandazi manne, na nililijutia la nne pekee.
Oktoba mashine ilisema mia na thelathini na nane.
Nilitaka vigelegele. Sista akasema, "Njoo tena,"
akaongeza kidonge kidogo cheupe, kila jioni, bila kuruka.

Nikiamka usiku sasa, friji naiacha ilale.
Nafungua dirisha. Baridi inaingia bila viatu.
Naweka kiganja juu ya hicho kikonde
kilichokuwa kazini kabla sijazaliwa,
ambacho hakijaomba likizo hata siku niliyomzika mama.
Sikipigi.
Nahesabu tu kinavyobisha: hamsini, sitini, sitini na tatu,
na Mutunga, macho amefumba, sauti ya mtu aliye macho kabisa:
"Hebu niambie ukweli.
Chumvi iko wapi?"