Nyuma ya Daftari

Mbele ya daftari nimeandika: Upimaji wa Ardhi.
Nyuma, nikiligeuza juu chini,
naandika njia ya kutoka.

Muhula wa kwanza umeisha, na ng'ombe mwekundu ameisha nao.
Muhula wa pili: ndama, pamoja na deni la mjomba Adriko.
Wa tatu nimeuchorea duara. Ndani ya duara: maksai mweusi,
yule anayetulimia.
Wa nne siuandiki.

Ndiyo maana nataka kuvuka mapema,
mwaka mmoja hapa chuoni Arua, si miwili,
kisha Gulu, chuo kikuu, alama zangu mkononi,
wanihesabie nilichokwisha kusoma
wasinirudishe kwenye namna ya kushika futikamba.
Huko, wanasema, kuna mkopo.
Hapa kuna mnada.

Candiru ananicheka kutoka kitanda cha juu:
"Haraka haraka, Drateru..." Haimalizi.
Namwambia aliyetunga methali hiyo
hakuwahi kulipa ada kwa muhula.

Jumatatu nikapanga foleni kwenye dirisha la msajili.
Bwana Ezaruku alilamba kidole, akafunua, akahesabu,
akahesabu tena kwa sababu yangu.
"Masomo kumi na moja. Wenzetu wanataka kumi na mawili.
Hisabati ya Pili huna."
Nikasema, sisi hufundishwa mwakani.
"Basi mwakani," akasema, akafunga faili
polepole, kama mtu anayefunika chakula cha mwenzake.

Sikulia. Tulikuwa na zoezi kiwanjani:
vigingi vinane, kuanzia pembe ya bweni,
kupita kisima, kupita jiko la posho na moshi wake,
kurudi kigingi cha kwanza.
Mwalimu Onzima husema: mzunguko usipofunga
usiisingizie ardhi, ardhi haijasogea.
Kuna mahali umesoma vibaya,
na kosa umelibeba mpaka nyumbani.

Wetu ulikataa kufunga. Kiganja kizima kilibaki nje.
Tukarudi kigingi kwa kigingi, jua likituchoma visogo,
na kwenye cha tano tukaikuta:
sita iliyosomwa tisa.

Usiku umeme ukakatika. Nikawasha tochi ya simu,
nikaligeuza daftari, nikaanza upya kigingi kwa kigingi.
Hisabati ya Pili: mwaka wa pili wanaisoma sasa hivi,
Jumanne na Alhamisi, asubuhi.
Asubuhi hizo mimi nina Uchoraji wa Ramani.
Lakini Uchoraji una makundi mawili, la pili ni la mchana.
Lakini mchana nasaga mihogo kwa mjomba, ndivyo ninavyolipa deni.
Lakini kinu chake hunguruma hadi saa tatu za usiku,
na unga haujali umesagwa saa ngapi.

Kwa hiyo: asubuhi nikae nyuma kabisa, kati ya wakubwa.
Mchana nichore. Usiku nisage, nirudi mweupe nyusi,
Candiru aseme nimezeeka.
Nimwombe mwalimu Onzima sahihi. Niombe kufanya mtihani.
Nikiruhusiwa.
Hilo neno moja nimeliandika kwa penseli,
yaliyobaki yote kwa wino.

Nikajumlisha. Nikatoa. Nikaanzia mwisho kurudi mwanzo
kama tulivyofundishwa.
Kilibaki kitu kidogo nje, chembamba kama kucha,
sijui ni kosa langu au ni la kifaa.

Saa nne baba akapiga simu.
Hakuuliza masomo, huwa haulizi.
Aliuliza kama amfunge mweusi leo,
maana mnada ni kesho na njia ni ndefu kwa miguu.

Nikasema, baba, usimfunge bado.

Akanyamaza. Nikasikia pumzi nzito
karibu sana na simu.
Sikujua ni ya mnyama
au ni yake.